Siku tatu baada ya mwezi mpevu: ndege na kamera kwenye hori ya Mida

Kabla ya kwenda Mida watu huuliza wabebe lenzi gani. Lenzi tutaifikia. Kuna swali linaloitangulia, ambalo mvuvi yeyote wa Watamu angekuuliza: leo mwezi ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu uandame? Ukiwa na jibu, utakaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege jua likiwa mgongoni, na maji yatakusogezea ndege hadi mita kumi na tano. Usipokuwa nalo, utakuta maji yamefika kwenye mikoko na hakuna hata unyoya, au utakuta tope tupu lililotandaa mbali, na vitone vyeupe huko mwisho vikitetemeka kwa joto. Wengi hurudi hotelini wakisema Mida haina kitu.

Kwa asiyeijua, Mida ni hori iliyo kaunti ya Kilifi, kati ya Watamu na barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Maji ya bahari huingia kwa mlango mwembamba, yakatanda juu ya tope na mchanga, kisha yakatoka, mara mbili kila siku. Kandokando ni mikoko. Imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, na tangu 1979 eneo la Malindi na Watamu limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiyosfia. Ukitoka Mombasa kwa matatu ya Malindi, shuka kijiji cha Mida kabla ya kufika Gede, ukate kulia kuelekea majini. Ukiwa Watamu, tuktuk au bodaboda itakufikisha.

Pale A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wamejenga daraja la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, ukingoni mwa tope. Kiingilio chake husaidia mpango uitwao ASSETS, unaochangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vya kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Basi usipite njia za panya ili kuokoa shilingi chache.

Hesabu ya maji

Pwani hii saa za maji zinajulikana bila kitabu. Siku ya mwezi mpevu, na siku mwezi unapokuwa gizani kabisa, bahari hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hilo ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka. Maji hujaa saa 4 na kupwa saa 10, tena kwa unyonge, ndiyo maana yakaitwa maji mafu.

Katikati ya hapo maji huchelewa kila siku. Utasikia ni dakika 50, na kwa wastani ni kweli. Lakini siku za bamvua huchelewa kama dakika 35 hadi 40 tu, na siku za maji mafu huweza kupita saa nzima. Anayeongeza dakika 50 kila siku tangu mwezi mpevu atajikuta baada ya siku tatu amekosea kwa zaidi ya nusu saa, na pale Mida nusu saa ni nyingi.

Sasa weka jua juu ya hesabu hiyo. Kibanda kiko upande wa bara, kwa hiyo aliyekaa humo anatazama mashariki. Asubuhi jua linampiga usoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Baada ya saa 8 mchana jua limeshapita kichwani, na kuanzia saa 9 na nusu linawamulika ndege kutoka nyuma yako, kwa rangi nzuri, hadi litakapotua kama saa 12 na nusu.

Halafu kuna ndege wenyewe. Hawaji karibu maji yakishajaa. Huja yakiwa yanajaa. Wanakula kwenye ukanda wa tope lililolowa, na maji yanapoupandisha ukanda huo kuelekea mikokoni nao wanapanda nao. Muda wenye faida mbele ya kibanda ni kama saa mbili na nusu hadi saa moja na nusu kabla ya kilele cha kujaa. Kabla ya hapo tope bado ni pana na ndege wametawanyika. Baada ya hapo tope la mbele limekwisha nao wameruka kwenda kupumzika.

Jumlisha. Siku yenyewe ya mwezi mpevu kilele ni saa 10 jioni, kwa hiyo ndege watakuwa karibu saa 7 na nusu hadi saa 8 na nusu mchana, wakati jua ni kali na hewa inachemka. Siku ya tatu baadaye kilele kimesogea hadi karibu saa 12, na ndege watakuwa karibu kuanzia saa 9 na nusu hadi saa 10 na nusu. Hiyo ndiyo siku. Ya pili na ya nne pia zinafaa. Siku ya sita, jua litakuwa limetua kabla maji hayajawasogeza.

Wanaofuata kalenda ya Kiislamu wana njia fupi zaidi. Mwezi huandama siku moja hivi baada ya kuwa gizani kabisa, kwa hiyo siku nzuri huangukia mwezi 1 hadi 3, na tena mwezi 16 hadi 18. Ukitaka namba kamili, Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kila mwaka, lenye saa na kimo kwa mita. Ila jedwali ni la Kilindini. Hori yenye mlango mwembamba hujaa nyuma kidogo ya bahari ya nje, na upepo nao huyasukuma au kuyazuia maji. Fika saa nzima kabla ya muda uliouhesabu, kaa utulie. Andika saa ambayo maji yaligusa nguzo ya kibanda na kimo kilichokuwa kwenye jedwali siku hiyo. Ukishaandika mara tatu au nne, daftari lako litakuwa sahihi kuliko programu yoyote ya simu.

Nani yupo, na lini

Wageni kutoka kaskazini huanza kushuka Agosti, huwa wengi kuanzia Oktoba hadi Machi, na huondoka Aprili. Juni na Julai hori haiwi tupu, kwa sababu ndege wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa hubaki, lakini usisafiri kutoka mbali kwa ajili yao. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ndipo panaponoga kwa picha, kwa sababu ndege waliokuwa wa kijivu miezi yote wanavaa rangi za kuzalia kabla ya kuondoka. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, anakuwa mwekundu kama udongo wa Voi. Masika nayo inakaribia wakati huo, kwa hiyo beba mfuko usiopitisha maji.

Natumia majina ya kisayansi hapa si kwa majivuno. Neno kitwitwi katika pwani yetu humbeba karibu kila ndege mdogo anayekimbia tope, na ukimwambia mtu umeona vitwitwi mia mbili hujamwambia kitu.

Mwenye nyumba pale ni ndege mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama wa kunguru: Dromas ardeola. Nitamwita mla-kaa. Yuko peke yake katika familia yake, hana ndugu. Huzaa kando ya bahari ya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na tofauti na wenzake wote wa tope huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yai moja jeupe. Kisha hushuka hadi huku kwetu pamoja na kinda, na utamwona kinda huyo Mida, mkubwa kama mzazi lakini mwenye mgongo wa kijivu, akimfuata mzazi na kulialia apewe kaa. Tafuta jozi hiyo ndani ya kundi; ina picha nyingi kuliko kundi zima.

Ukitaka kumnasa mla-kaa akila, jua anavyokula. Hutembea polepole, husimama, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha hukimbia hatua tatu au nne na kuchoma. Kaa mdogo humezwa mzima. Kaa mkubwa hupigizwa chini na kutikiswa hadi miguu na magando yachomoke, na shughuli hiyo huchukua sekunde kadhaa ndege akiwa amesimama palepale. Usibonyeze anapokimbia. Fokasi iwe juu yake tangu anaposimama, bonyeza mfululizo anapochoma, na uendelee kwa vifupi anapotikisa.

Mwingine wa kumtazama kwa makini ni Xenus cinereus, mfupi, miguu ya rangi ya machungwa, mdomo uliopinda juu kidogo. Huyu hajui kutembea. Hukimbia ameinama, akikata kona kama aliyepoteza kitu, na akishampata kaa mwenye tope huenda naye mbio hadi ukingo wa maji kumwosha. Basi usimfuate kwa lenzi. Elekeza kamera pale maji yanapoanza, umngoje hapo.

Sululu utamsikia kabla hujamwona. Wako wawili: Numenius phaeopus, mwenye michirizi kichwani na mdomo wa wastani, ni wa kila siku, Numenius arquata ni mkubwa zaidi, mdomo mrefu usio na adabu, kichwa kisicho na michirizi, na si wengi.

Tatizo halisi la utambuzi pale ni wale vitwitwi wa kijivu na weupe wenye vichwa vya duara, wakubwa kwa wadogo, waliochanganyika kwa mamia. Ukubwa usikudanganye, ndege mmoja akiwa peke yake hana ukubwa. Tazama mdomo. Pima kwa jicho urefu wa mdomo, kisha uuweke kichwani kuanzia shina la mdomo kwenda nyuma. Ukipita nyuma ya jicho, huyo ni Anarhynchus leschenaultii (zamani Charadrius), yule mkubwa. Ukiishia kwenye jicho au kabla yake, ni mmoja wa wadogo. Miguu ya mkubwa pia ni mirefu na huelekea kijani au njano iliyofifia, ya wadogo hukaribia weusi, ila tope hupaka miguu yote rangi moja, kwa hiyo amini mdomo kwanza. Picha ya ubavuni, kichwa kikiwa sambamba na kamera, ndiyo pekee inayofaa kwa kipimo hiki. Picha ya ndege anayekutazama ni nzuri ukutani, lakini haitambulishi chochote.

Kuna pia Pluvialis squatarola, mnene na mpole, na Arenaria interpres anayepindua mawe na maganda. Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, waliwapandisha squatarola na Calidris ferruginea hadi daraja la walio hatarini kutoweka (Vulnerable), kwa sababu idadi yao inashuka. Wakati mwingine heroe huingia. Mikokoni kuna mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides, mdomo mwekundu mtupu, na wakati wa kaskazi keremkerema wekundu, Merops nubicus, huja kulala mikokoni kwa makundi jioni. Usifunge mfuko mapema.

Kamera, sasa

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayozuia tamaa. Lenzi ya 600 mm kwenye kamera ya kihisi kikubwa, au ya 400 mm kwenye kamera ya kihisi kidogo, ukiwa mita 30, inaona upana wa kama mita 1.8. Kitwitwi wa sentimita 20 atachukua sehemu moja ya tisa ya upana huo. Kwenye faili la pikseli 6,000 kwa upana, ndege wako ana pikseli kama 670, anatosha simu tu. Mita 15, anapata pikseli 1,300 na zaidi, na manyoya yanaanza kuhesabika. Kupunguza umbali kwa nusu hakuna gharama pale Mida, maji yatakufanyia. Lenzi ya kufanya kazi hiyohiyo ina bei ya pikipiki mbili. Kwa hiyo jibu la swali la lenzi: 400 mm inatosha ukifika siku ifaayo, na 800 mm haitoshi ukifika siku isiyofaa.

Haitoshi kwa sababu ya hewa. Tope likipigwa na jua kuanzia kama saa 4 asubuhi, hewa iliyo juu yake hupanda kwa matabaka yenye joto tofauti, na mwanga hupinda ukipita humo. Picha inatoka kana kwamba fokasi imekosea. Watu hurudisha lenzi dukani kwa kosa hili. Jaribio ni rahisi: piga picha kumi za ndege yuleyule aliyesimama. Ikiwa kila moja ina ukungu wa namna yake, miguu imepinda hapa, kichwa kimevutika pale, hiyo ni hewa, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoiponya. Sogea karibu, au ngoja maji yafunike tope na kulipoza.

Mwanga wa kupigia: mla-kaa ni mweupe, tope ni jeusi, na kamera ikiachiwa ipime yenyewe itatazama tope na kumuunguza ndege. Kifua chake kitatoka kama karatasi. Weka kila kitu kwa mkono. Jua likiwa wazi na nyuma yako, anza na kasi ya 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, ISO 400. Piga moja, tazama onyo la weupe uliopotea. Kama kifua kinawaka, panda hadi 1/2500. Mpangilio huo utawafaa ndege wote waliosimama kwenye jua lilelile, hata mandhari ikibadilika kutoka tope hadi maji, na hapo ndipo faida ya kuweka kwa mkono ilipo. Jua likishuka, kuanzia saa 11 jioni, ISO 800. Nusu saa ya mwisho 1600 na zaidi. Ndege akiwa amesimama tu unaweza kushuka hadi 1/1000, ila wa jamii ya kitwitwi hata akisimama hutikisa mkia au kichwa, na 1/500 huonyesha. Piga faili ghafi (RAW). Weupe ulioungua kidogo hurudi kwenye faili ghafi, kwenye JPEG haurudi.

Kwa picha za kuruka usiwarushe ndege. Nimeona mawe yakitupwa, na huo ni ujinga wa pande mbili: ndege aliyekurupushwa na mtu huruka akimpa mgongo, kwa hiyo unapata makalio. Ngoja kozi, yule ndege mwindaji, apite. Akipita, tope zima huinuka kwa pamoja, likageuka, likarudi kutua, na kurudi huko ndiko kwenye picha, kwa sababu wanatua dhidi ya upepo na upepo wa kusi au kaskazi utakuambia watatokea upande gani. 1/3200, fokasi ya kufuatilia, eneo pana.

Stendi ya miguu mitatu kwenye daraja la kuning'inia haina maana. Daraja linacheza kwa kila hatua ya kila mtu. Hata kibandani, sakafu hutetemeka mwenzako anapohama kiti. Kinachofaa ni mto wa kulazia lenzi kwenye ukingo wa dirisha. Kata mguu wa suruali ya jinzi iliyochoka, shona upande mmoja, tia mfuko usiopitisha maji ndani halafu mchele kilo mbili, ufunge upande wa pili. Usijaze, theluthi mbili inatosha, ili lenzi izame na kushikwa. Ukijaza pomoni lenzi inateleza juu yake kama juu ya mpira. Mfuko huo ni wa kuzuia unyevu wa pwani, maana mchele usio nao huota ukungu kwa wiki mbili.

Darubini ya mkononi iwe 8x42, inayokuza mara nane. Wanaonunua 10x wanataka kuona mbali, na wanaona mbali kukitikisika. Kwa kuhesabu makundi, darubini ya stendi ya 20 hadi 60 ndiyo yenyewe, na isiwekwe 60 isipokuwa asubuhi na mapema, kwa sababu ileile ya hewa. Hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, ukariri ukubwa wa hilo fungu machoni, kisha pima kundi kwa mafungu ya kumi kutoka kushoto kwenda kulia. Makundi makubwa huhesabiwa pungufu karibu kila mara, hasa vitwitwi waliobanana. Hesabu mara mbili.

Kushuka topeni

Picha tamu ni ya usawa wa jicho la ndege, na kibanda kiko juu. Ndiyo inayowafanya watu washuke. Shuka na mwongozaji wa kijijini, usishuke peke yako, na sababu ni moja kubwa: maji ya Mida hayaji kutoka mbele yako. Huja kwanza kwa mifereji, na mifereji inapita nyuma ya yale mafungu ya mchanga uliyolalia. Aliyelala kifudifudi akitazama ndege huona ukingo wa maji mbele uko mbali bado, na mfereji wa nyuma umeshafika mapajani. Siku za bamvua hilo huenda haraka.

Tope nalo lina lugha yake. Penye mikunjo midogo ya mchanga mguu unashika. Palipo laini panapong'aa kama kilichopakwa mafuta, unazama hadi goti. Karibu na mkoko uitwao mchu kuna mizizi myembamba iliyosimama kama penseli, na kwenye mlilana, ule mkoko wa mbele kabisa unaokabili maji, mizizi ni minene kama shingo ya chupa; zote mbili zinabeba chaza wenye makali ya wembe. Viatu vya raba vya kufunga kamba, soksi ndefu. Malapa utayaacha humo na mabuti ya mvua hunyonywa.

Ukishafika, lala chini kabla ya ndege kuwa karibu, usiwaendee. Wasogezwe na maji. Dalili za kuwa umewakera zinakuja kwa mpangilio: kwanza wanaacha kula, kisha vichwa vinainuka na wote wanaelekea upande mmoja, kisha wanatembea kwa haraka wakikupa ubavu. Ukiona dalili ya pili, acha kusogea. Ya tatu, rudi nyuma kwa kutambaa. Wakati maji yamejaa na wamebanana kupumzika, usiwasogelee kabisa. Mafuta wanayojaza hapa ndiyo yanayowafikisha Siberia, na kila wanaporushwa wanayachoma bure. Sululu na Xenus wakati huo huwa juu ya mikoko, na unaweza kuwapata ukiwa darajani bila kumsumbua mtu.

Miguu, pete, kumbukumbu

Kabla ya kufuta picha mbovu, kuza miguu. Ndege wa Mida wamekuwa wakivishwa pete, na picha isiyopendeza ya mguu wenye pete ya chuma au kibendera cha rangi inaweza kuwa na thamani kuliko zote za siku hiyo. Piga miguu yote miwili, pande zote ukiweza, kwa mfululizo, maana namba huzunguka pete na picha moja haiwezi kuonyesha zote. Andika rangi kwa mpangilio: mguu wa kushoto wa ndege mwenyewe, si wa kushoto kwako, juu ya goti au chini yake. Taarifa za pete za eneo letu hupokelewa kupitia Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Orodha ya ndege usiiache kwenye daftari. Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, hugawa nchi katika viwanja vya kama kilomita 9 kwa 9. Kadi kamili inahitaji saa mbili au zaidi za kutazama kwa makini, aina ziandikwe kwa mpangilio ulioziona, na unaweza kuiongezea hadi siku tano. Kukaa kibandani kusubiri maji kunakupa hizo saa mbili bila jasho.

Ukirudi, chumvi ndiyo adui. Usifute lenzi kikavu. Chembe za chumvi na mchanga zitakwaruza. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa sana, pitisha kwenye mwili wa kamera na lenzi, kisha kikavu. Stendi kama ilishuka topeni, ivute miguu yote, isuuze kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, iache wazi hadi asubuhi. Ukiikunja ikiwa na maji ndani, skrubu zitashikana ndani ya mwezi. Kioo cha mbele kiwe cha mwisho, kwa kipulizio kwanza. Na kama chumba chako kina kiyoyozi, kesho yake kamera ibaki ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 30 hadi 40 baada ya kutoka nje, ipate joto taratibu. Ukiifungua papo hapo kioo kitajaa ukungu, ukiupangusa unarudi, na maji yanaendelea kujaa.